Krismasi kwa Zamu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Haya asanteni, kaeni tu, kaeni. Najua mpo kwenye semina toka asubuhi na mimi ndo nimewekwa baada ya chakula cha mchana, na hata Paulo aliwahi kuhubiri mtu akasinzia mpaka akaanguka dirishani, kwa hiyo atakayelala simlaumu, ila asikae karibu na dirisha.

Mmepewa kazi ya kwenda kwa watu wa nishati, yaani wale wa mafuta na gesi, wa mitambo ya upepo baharini, wa mabwawa, wa laini za umeme mkubwa, watu ambao kazi yao iko mbali na nyumba ya mtu yeyote, na mnakwenda Desemba. Kwenye ratiba somo langu limeandikwa "Kuwapelekea Krismasi". Naomba mnisamehe waandaaji, nakataa hicho kichwa. Nimefanya hii kazi miaka sio haba na sijawahi kuipeleka Krismasi popote, kila nikishuka kwenye helikopta naikuta imeshafika kabla yangu, imekaa zake kontroo rumu na buti za chuma miguuni, na mimi ndo mgeni. Ila hilo sikulijua mwanzo. Nililijua kwa aibu, na hiyo aibu ndo nataka niwaambie kwanza.

Krismasi yangu ya kwanza kwenye jukwaa la mafuta, yaani kile kituo cha chuma kinachosimama baharini juu ya visima, meneja wa pale mtu mwema kabisa akaniambia Pasta, ukitaka kuwasalimia watu wote kwa pamoja tumia spika za matangazo. Mi nikaona Mungu amefungua mlango mkubwa! Saa nne asubuhi tarehe 25, nikashika maiki, nikaanza na wimbo, tena kwa sauti. Sasa ambacho sikukijua ni vitu viwili. Cha kwanza, spika zile zinaingia hadi vyumba vya kulala, kwa sababu ni za kutangazia hatari. Cha pili, saa nne asubuhi nusu ya watu wa jukwaa wamelala usingizi mzito maana wametoka kazini saa kumi na mbili alfajiri. Nilipomaliza ubeti wa kwanza nikatoka kwenye korido nikakuta wanaume wamesimama na chupi na laifujaketi, macho mekundu, wanauliza moto uko wapi.

Hakuna aliyenitukana, bora hata wangenitukana. Jioni yake kwenye mesi akaja mzee mmoja wa kuchimba, mtu mzima, amefanya kazi hiyo kuliko umri wa ndoa yangu, akakaa na sahani yake mbele yangu akaniambia taratibu, Pasta, malaika aliwatokea waliokuwa macho. Nikamwambia sijakuelewa. Akasema, Bethlehemu usiku ule watu walikuwa wamelala mji mzima, si ndio? Malaika hakumwamsha hata mmoja, alienda kwa waliokuwa kazini. Alafu akaniuliza, hivi pasta umesoma vizuri pale Luka 2 mstari wa 8?

Mi niusome vizuri mara ngapi jamani, nimeusoma toka sande skuli. Nikafungua. Wachungaji wakikaa makondeni na kulinda kundi lao *kwa zamu usiku*. Akaweka kidole kwenye neno zamu akasema, hawa ni naiti shifti. Akaendelea kula.

Basi hilo neno halijaniacha hadi leo. Na ukirudi nyuma kidogo, sura ya 1, Luka anapomtambulisha Zakaria anasema ni kuhani wa zamu ya Abiya. Yaani habari nzima inaanza na rosta! Mtu ameingia zamu yake hekaluni anapata habari ya mtoto, alafu wengine wako zamu yao ya usiku porini wanapata habari ya mtoto mwingine. Sisi huku kanisani tumezoea kusema Krismasi ni siku ya kuacha kazi, tukawahurumia hawa wa mitamboni kwamba wameikosa. Mi nasema kama kuna watu wamekaa mahali pale pale ilipotokea mara ya kwanza ni wao.

Sasa niwaambie kidogo maisha yao, msije mkafika mkashangaa. Zamu ni masaa 12, mara nyingi saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, kila siku, hakuna Jumapili. Wengine wanakaa wiki 2 wanarudi nyumbani wiki 2, wengine 4 kwa 4, Wanorwe wamejipangia 2 kazini na 4 nyumbani na kila mtu anawaonea wivu. Rosta ikikuangukia Desemba imekuangukia, unaweza kumbembeleza mwenzako mbadilishane, lakini na yeye ana watoto.

Mtu atauliza kwa nini wasizime tu mitambo siku moja. Niliuliza hilo swali mwenyewe, nikacheka jibu. Kisima sio bomba la jikoni. Mafuta yanatoka chini yakiwa ya moto, ukiyasimamisha ndani ya bomba lililolala kwenye sakafu ya bahari ya baridi yanapoa, nta yake inaganda humo ndani, na kama kuna gesi na maji inatengeneza kitu kama barafu kinachoziba bomba zima, kulifungua tena ni kazi ya siku nyingi. Alafu huko nchi kavu siku hiyo ndo majiko yote yanawaka, hospitali ziko wazi, taa zote za mapambo ziko kwenye umeme. Kila taa ndogo inayowakawaka kwenye mti wako wa sebuleni kuna mtu mahali yuko macho anaangalia geji.

Na nikisema mti, hao watu wana wao. Sio wa kununua. Juu ya kisima, pale bomba linapotokea, kuna rundo la vali zimepangwa kwa kwenda juu, moja juu ya nyingine, na nyingine zimetokeza pembeni kama matawi, na magurudumu ya kufungia na mageji yananing'inia. Hiyo kitu jina lake la kazi, dunia nzima, kwenye vitabu na kwenye makaratasi ya mikataba, ni mti wa Krismasi. Kazi yake ni kuzuia presha ya chini isipande juu ikaua watu, kufungua kidogo, kufunga, kupima. Mara ya kwanza niliposikia kijana anamwambia mwenzake nenda kauangalie mti namba fulani unavuja, ilikuwa mwezi wa sita, nikajua wananitania. Kumbe mti wa Krismasi kwao upo mwaka mzima na mtu akiupuuza anakufa. Mwaka huo nilikuwa nimebeba mti wa plastiki kwenye begi, nikaona aibu kuutoa. Niliutoa lakini, wakaupenda, wakautundikia nati na bolti.

Nataka mjue pia kwamba Krismasi na bahari ile ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwei, wana historia ya ndugu wawili, mmoja kicheko mmoja kilio. Mwaka 1965 mtambo mmoja wa Waingereza unaitwa Sea Gem ulipata gesi, wa kwanza kwao kupata gesi baharini, shangwe kubwa. Ulikuwa ni tishali tu lililofungwa miguu ya chuma 10. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, siku 2 baada ya Krismasi, wakiwa wanaushusha ili wauhamishe, miguu ikavunjika, mtambo ukaingia majini kwenye baridi ile, watu 32 walikuwepo, 13 hawakurudi. Waliopona waliokolewa kwa kuwa meli ya mizigo, Baltrover, ilikuwa inapita karibu ikaona. Ilikuwa inapita zake tu! Alafu miaka 4 mbele, Desemba 1969, siku chache kabla ya Krismasi, serikali ya Norwei ikapewa habari kwamba baada ya kuchimba visima vingi vikavu yamepatikana mafuta sehemu ya bahari hiyo inayoitwa Ekofisk, na nchi nzima ikabadilika toka hapo. Bahari moja, sikukuu moja.

Kutokana na ile ajali ya Sea Gem ndo ikaja sheria ya Uingereza ya 1971, kwamba kila mtambo lazima uwe na mtu mmoja mwenye dhamana juu ya wote waliomo. Na utaratibu ukawa kuna meli ndogo ya uokoaji inakaa karibu muda wote, isije ikategemewa tena meli ya kupita njia. Hiyo meli ndogo naomba muiandike moyoni. Watu wa jukwaani wana mesi nzuri, wana jimu, wana sinema. Wale wa meli ya uokoaji wanazunguka jukwaa mwezi mzima kwenye mawimbi, kazi yao ni kusubiri jambo baya lisitokee, na wageni wote wakija na zawadi wanashukia jukwaani wanapiga picha wanaondoka. Mwaka mmoja nilimwomba kapteni wao kwa redio niwasomee neno. Akasema subiri, akaita vijana wake darajani, pale wanapoendeshea meli, nikasoma nikiwa nimeshika redio, naona taa zao zinapanda na kushuka gizani. Nilipomaliza kimya, nikadhani redio imekata. Baadae sauti moja ikasema, rudia.

Nikarudia.

Hii huduma sio mpya mnavodhani. Mwaka 1835 kasisi wa Kianglikana, John Ashley, alikuwa pwani ya Clevedon Uingereza na mtoto wake, wanaangalia visiwa vya kule kwenye ghuba ya Bristol. Mtoto akauliza, wale watu wa visiwani kanisani wanaendaje? Swali la mtoto tu. Baba akakosa jibu, akaenda mwenyewe kwa mashua, na akiwa huko akaona meli nyingi zimetia nanga zinasubiri upepo, akauliza nani anawatembelea hao, hakuna. Kazi yake ikawa hiyo, miaka 15 anapanda meli moja baada ya nyingine, na kutoka kwenye jitihada kama hizo ikaja jumuiya ya mwaka 1856 ambayo leo inahudumia mabaharia bandari nyingi za dunia. Mi nachopenda pale ni kwamba Ashley hakujenga kanisa zuri ufukweni akapiga kengele kwa nguvu zaidi.

Haya, sasa mambo ya vitendo, hapa muamke.

Kabla hujaruhusiwa kupanda helikopta ya baharini utapelekwa mafunzo. Utavalishwa suti ya kuokolea, utafungwa mkanda ndani ya kibanda kinachofanana na helikopta, kibanda kitazamishwa kwenye bwawa alafu kitageuzwa juu chini, na wewe ukiwa umening'inia kichwa chini maji yameingia puani unatakiwa usubiri kitulie, usukume dirisha, ufungue mkanda, utoke. Nimebatiza watu wengi, wa maji mengi, na siku ile ndo nilijua wanachopitia. Mwalimu akanitoa akasema pasta rudia, ulifungua mkanda mapema. Nilirudia mara 3 nikiwa na zaidi ya miaka 50. Lakini nilipofika jukwaani watu waliuliza kitu kimoja tu, umepita bwawani? Nikasema nimepita. Basi, nikawa mwenzao. Cheti cha chuo cha biblia hakuna aliyekiuliza.

Ndevu utanyoa. Sehemu zenye ile gesi inayonuka yai viza, na ambayo ikizidi inaua pua yenyewe usiisikie tena alafu inakuua na wewe, kila mtu lazima aweze kuvaa barakoa ya hewa ikabana usoni bila upenyo, na ndevu zinaweka upenyo. Mimi ndevu zangu mke wangu alikuwa amezijua toka uchumba. Ziliondoka geti la kambi, kwa wembe wa kuazima. Kwa hiyo hata yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe akija pale, getini atasimamishwa, na akija na za bandia zitabaki kwenye begi.

Mishumaa hakuna. Kiberiti na laita unaacha uwanjani kabla ya kupanda. Mahali penye gesi moto wowote unahitaji kibali cha kazi ya moto, kina sahihi kadhaa, na sijawahi kuthubutu kuombea kibali mshumaa wa Majilio. Tunatumia vitaa vya betri ndani ya mesi. Divai pia hakuna, kilevi ni marufuku hata tone, meza ya Bwana tunatumia juisi ya zabibu, na kama kanisa lako lina shida na hilo likatatueni kabla hamjaondoka, msije mkalifanyia mjadala wa teolojia mlinzi wa mizigo.

Na hili la hendova, ndugu zangu, hapa sitanii. Wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia kuna kama nusu saa wanakabidhiana, huyu anamwambia huyu pampu ipi imefunguliwa, vali ipi imetolewa, kibali gani bado kiko wazi. Ukiangalia kwa macho ya kichungaji unaona ni fursa nzuri, watu wote wako pamoja, macho wazi, niwape neno fupi. Usithubutu. Tarehe 6 Julai 1988 kwenye jukwaa la Piper Alpha pampu moja mchana ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, habari hiyo haikuwafikia vizuri watu wa usiku, pampu nyingine ikazima, wakaiwasha ile isiyo na vali, gesi ikavuja ikalipuka. Watu 167 walikufa. Neno moja halikuvuka kutoka zamu kwenda zamu. Jijini Aberdeen, Uskoti, ndani ya kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ndio huyohuyo Nikolasi wa zawadi, kuna chapeli iliyowekwa 1990 na watu wa mafuta kuwakumbuka wenzao. Nikiona watu wanakabidhiana mi nasimama ukutani nafunga mdomo, na kama ni kuomba naomba kimoyomoyo wasisahau kitu.

Kuna mtu ameniuliza wakati wa chai kuhusu kuokoa roho, kwamba hawa wako sehemu moja hawawezi kukimbia, si ni nafasi nzuri. Nakujibu mbele ya wote na usiniwekee kinyongo. Kwa sababu hawawezi kukimbia ndo maana usiwakimbize. Mtu wa mjini akikuchoka anavuka barabara. Huyu mlango wake wa kutokea ni bahari. Kuna Waislamu pale, kuna Wahindu, kuna ambao kanisa liliwaumiza wakaapa, na wote mnakula meza moja kwa wiki nzima. Nimeona Waislamu wakichukua zamu za Wakristo usiku wa tarehe 24 bila kuombwa, na ikifika Idi wanalipwa deni lao, hakuna karatasi iliyoandikwa. Ukija na midomo yako ukaharibu mpango kama huo umefanya nini? Anayetaka kuongea atakutafuta. Atakutafuta mahali pa ajabu, kwenye mashine za kufulia, saa tisa usiku, atajifanya anasubiri nguo.

Na watakuuliza unalipwa na nani. Hilo swali ni zito kuliko linavoonekana, maana helikopta uliyopanda ni ya kampuni na kitanda ni cha kampuni, na wao wanajua mafuta yakishuka bei watu wanapunguzwa, wameyaona 2015, wakayaona tena 2020. Wakidhani unapeleka maneno ofisini umekwisha. Meneja akikuuliza nani ana mawazo nani ana matatizo, mwambie kwa heshima hilo halimo kwenye kazi yangu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hilo uwaambie na wao mapema, uso kwa uso.

Nimesema maisha yao ni ya mbali, lakini umbali wenyewe siku hizi umekaa vibaya. Zamani walipanga foleni ya simu moja, dakika chache, unasikia sauti ya mama watoto inakatika, unaachia mwenzako. Sasa kuna intaneti, unaiona nyumba yako. Niliwahi kukaa usiku wa Krismasi na fundi umeme mmoja, jina lake naliweka kwangu. Kwetu usiku, kwao asubuhi. Akapiga simu ya video, mwanae wa miaka 4 akashika, akaonyesha zawadi yake sekunde kama 20, alafu mtoto ni mtoto, akaiweka simu kwenye kochi akaondoka zake kucheza. Simu imelala chali. Pale kwenye skrini kinachoonekana ni dari na ncha ya pazia.

Nikasubiri akate. Hakati. Anaangalia dari. Tunasikia sahani, tunasikia mlango, mke wake anacheka na mtu jikoni, mtoto anapiga kelele ya gari. Dakika 5, dakika 10. Nikamuuliza mbona hukati upige tena? Akaniwekea mkono, akasema, acha pasta, niko nyumbani.

Tukakaa hivo. Baadae akasogeza uso kwenye skrini, akasema, pale panavuja. Kweli kulikuwa na doa la kahawia kwenye dari, pembeni, kama ramani ya ziwa. Akanyamaza. Akasema, hajaniambia.

Mi nilikuwa na mahubiri mfukoni ya Krismasi, yenye vichwa vitatu vinavyoanza na herufi moja, kazi nzuri tu. Sikuyatoa. Tuliongea lisaa limoja na nusu juu ya lile doa. Kwa nini hajamwambia, kwa sababu akimwambia atahangaika huku na hawezi kufanya lolote, kwa hiyo mke anabeba mwenyewe. Na yeye je, kuna ambacho hajamwambia mke? Akavua glavu ya mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho hakina kipande. Ulikuwa mwezi wa pili toka aumie. Kwenye video alikuwa anashika simu na mkono wa kulia.

Nyumba nyingi za hawa watu zinaishi hivo, kila upande unamlinda mwenzake kwa kunyamaza, hadi siku anarudi na wanakutana watu wawili wenye adabu sana kwa kila mmoja. Mkifika msiwaulize kama wamemkumbuka mke, ni swali la kijinga, samahani. Waulizeni nyumbani kuna nini cha kutengeneza wakirudi. Atakwambia bomba, atakwambia geti, na ukivumilia atakwambia na lingine.

Ukungu utawashika. Helikopta haitakuja, mtaambiwa kesho, kesho mtaambiwa kesho. Mara yangu ya kwanza kunasa nililalamika kwa Mungu siku nzima maana nilikuwa na ibada tatu za kwenda kuhubiri nchi kavu. Sasa hivi naombea ukungu kidogo, mke wangu asisikie. Siku uliyopangiwa kuwepo watu wanakupa adabu. Siku ambayo na wewe umekwama, umepiga simu kwenu ukaambiwa watoto wanalia, umerudi mesi na sura imeanguka, siku hiyo ndo wanakusogezea kiti.

Nimalize na ibada ya mwaka jana, saa imeisha naona mwenyekiti ananiangalia.

Tuliifanya saa sita na nusu usiku kwa sababu ndo mapumziko ya chakula ya zamu ya usiku, na wa zamu ya mchana waliokuwa wamelala tuliwaacha walale, nimeshajifunza. Kwenye mesi haingii mtu na buti wala ovaroli chafu, kwa hiyo ni ibada ya soksi, wanaume 11 na wanawake 2, soksi za kila aina, moja ina tundu la kidole gumba. Nikasoma Luka 2. Nilipofika pale kwenye zamu nikamtazama yule mzee wa kuchimba, maana tumeshakuwa marafiki, akajifanya anaangalia chumvi.

Nikiwa katikati ya malaika, redio ya kijana mmoja ikaita, kontroo wanamtaka, kuna mti presha yake inasoma vibaya. Akainuka, akaniomba radhi kwa mkono, akaenda, tukamsikia anavaa buti mlangoni. Nikaendelea kusoma. Tukaimba kidogo, wimbo wanaoujua wote, kwa lugha zao tofauti kwa pamoja, haukupatana hata kidogo. Tukala meza ya Bwana kwa vikombe vya karatasi, cha kwake nikakiweka pembeni.

Karibu na mwisho mlango ukafunguka, yule kijana akaingia, nywele zimelowa, amevua buti tena, soksi zinaacha alama za maji sakafuni. Akakaa palepale. Nikampa kikombe chake. Akanywa, akaninong'oneza, Pasta mmefika wapi?

Nikamwambia wachungaji wamesharudi kwenye kundi.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaangalia saa ya ukutani. Akasema, ee, si zamu inaisha saa kumi na mbili.